Pole Alizopewa Emrys Maziwa

Mama aliyekuwa akigawa tepe katika chumba cha chai cha kanisa hakuwa mtu wa kijiji kile, na balaa lilianzia hapo. Mwenyeji angejua. Mwenyeji angemtazama Emrys, angekohoa kidogo, angetaja mvua, kisha angembandika utepe wa manjano bila maneno mengi. Mama huyu alimwona mzee wa miaka sabini na ushei amesimama peke yake kwenye foleni ya watu waliokuja wawili wawili na makundi makundi, buti zake zimepigwa kiwi kama za mtu aendaye mazikoni, akajijibu mwenyewe kabla hajauliza.

“Unatembea kwa ajili ya nani, kipenzi?”

“Mke wangu. Nesta.”

“Ooh!” Mama akaweka mkono kifuani. “Pole sana. Pole sana, baba.”

Kabla Emrys hajapata la kusema, alikuwa ameshageuzwa kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Utepe mweupe ukabanwa kwa pini begani mwake, na jina la Nesta likaandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Mweupe ulikuwa wa waliokwisha kwenda. Wa manjano ulikuwa wa wagonjwa ambao bado wapo. Na Nesta alikuwapo. Saa ile ile, huko ng'ambo ya mlima katika nyumba ya kutunzia wazee ya Erw Las, yamkini alikuwa akilishwa uji wa shayiri na kumgombeza mhudumu kwamba hauna chumvi.

Lilikuwa jambo la neno moja tu. Lakini Emrys alizaliwa na kulelewa katika bonde ambalo mgeni hunywa chai iliyotiwa chumvi mpaka tone la mwisho, na kuisifu, kuliko kumwambia mwenye nyumba kwamba amekosea kopo. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Mama wa watu alikuwa na machozi ya kweli, na wenzake wamemzunguka. Umwaibishe mbele yao? Emrys akasema, “Asante, mama,” akatoka nje.

Matembezi yale hufanyika kila mwaka. Watu hutoka kanisani asubuhi, huvuka mlima kwa njia za kondoo, na jioni hushukia Erw Las, kwa sababu michango yote huenda huko. Wazee hutolewa nje hadi getini na mablanketi yao ili wawapungie mkono wanaofika. Nesta angekuwa miongoni mwao. Emrys alilijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye msafara, na alijiambia kwamba akifika nyuma ya ukuta wa kwanza wa mawe, pasipo na macho ya watu, atautoa ule utepe na kuutia mfukoni.

Kwenye ukuta wa kwanza ndipo Hefina alipomkuta.

Hefina alikuwa mwanamke mnene kiasi, amevaa kofia nyekundu ya sufu, na mdomo wake ulikwenda haraka kuliko miguu yake. Alikuwa amehamia bondeni majira ya baridi yaliyopita ili awe karibu na dada yake. Utepe wake mweupe ulisema ALUN. Emrys alikuwa amepapasa begani hadi akaipata pini, na sasa alijifanya anajikuna.

“Nisaidie hapa, baba, magoti yangu haya si ya kuvukia kuta,” Hefina alisema, akampa mkono bila kungoja jibu. Alipokwisha kutua upande wa pili alilisoma jina. “Nesta. Jina zuri. Ni muda gani sasa?”

“Miaka miwili,” Emrys alijibu. Ilikuwa miaka miwili tangu walipompeleka Erw Las.

“Mimi mwaka na nusu. Watu watakwambia inapungua. Waongo wakubwa! Ilikuwa ghafla?”

“Hapana. Pole pole.”

“Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wangu alianguka bafuni na mswaki mdomoni, akawa amekwisha. Wako, mwishoni, alikuwa anakujua?”

Emrys alitazama kondoo waliokuwa wakimtazama. “Hapana,” akasema. “Hakunijua.”

Hefina alisimama. Pale pale njiani, watu wengine wakiwapita kwa kushoto na kulia, alimkumbatia. Mkumbatio wa kweli, wa mikono yote miwili, wenye harufu ya sufu na sabuni. Emrys hakujua aiweke wapi mikono yake. Hakukumbuka mara ya mwisho kukumbatiwa na mtu. Kinyozi humgusa kichwa, daktari humgusa kifua, basi. Mtu huyu mgeni alimshika kama anayemzuia asianguke, na Emrys akagundua kwa mshangao kwamba kweli alikuwa akianguka, tena siku nyingi. Hakuutoa utepe.

Wala tusimwite mwongo. Kila alichojibu kilikuwa kweli tupu, na asubuhi nzima aliendelea kujibu kweli tupu. Je, nyumba ni kimya? Kimya. Je, bado analala upande wake wa kitanda? Bado. Je, hupika? Hukaanga yai. Hefina alimpa kipande cha keki ya zabibu, kisha cha pili, akamwambia kola yake imegeuka, akaigeuza.

Kuna kitu watu wa bonde lile hufanya vizuri, nacho ni msiba. Mtu akifa, kabla jeneza halijafika, mlango wa wafiwa huanza kugongwa. Pai zinakuja, supu zinakuja, masinia yamefunikwa vitambaa, kila sahani imebandikwa jina la mwenyewe kwa chini ili irudi kwao. Watu huketi. Huosha vyombo. Lakini siku Nesta alipoingizwa kwenye gari la binti yao na sanduku lake dogo, akiuliza wanaenda wapi, hakuna aliyegonga mlango. Kesho yake pia hakuna. Emrys aliketi jikoni amevaa shati safi, endapo watakuja. Alikuwa amewagawia maziwa watu hawa mlango kwa mlango maisha yake yote, ndiyo maana wakamwita Emrys Maziwa. Alijua nani anapenda ya mtindi na nani ana paka. Sasa wakimwona dukani walikazia macho mikate na kuuliza, “Nesta anaendeleaje?” Naye akajibu, “Vilevile.” Wakashusha pumzi kama watu waliolipa faini ndogo, wakaondoka.

Juu kabisa ya mlima, ambapo upepo huvuma mwaka mzima, simu ilimlia mfukoni. Ilikuwa Lowri, binti yake, aliyekuwa akiishi Cardiff.

“Baba, uko wapi? Nasikia upepo mtupu.”

“Juu. Tunakaribia kuteremka.”

“Umevaa soksi mbili?”

“Nimevaa.”

Lowri akavuta pumzi kwanza, kama Nesta alivyofanya kila alipokuwa na jambo zito.

“Baba, nimeongea na Erw Las. Watamtoa mama nje. Lakini wamesema asipokaa na Bwana Prosser anahangaika, anapiga kelele. Kwa hiyo watawaweka pamoja. Nimeona nikwambie mapema usije ukashtuka.”

“Nishtuke nini.”

“Baba.”

“Si nimesema sishtuki?”

“Hujaenda kumwona tangu Pasaka. Wananiambia mimi. Mimi niko mbali huku, napigiwa simu naambiwa baba yako haji, mimi niseme nini?”

Emrys alimgeuzia Hefina mgongo. “Mara ya mwisho nilipokwenda alinitambulisha kwake,” alisema kwa sauti ya chini. “Kwa huyo Prosser. Alimshika mkono, akaniambia, karibu bwana, huyu mume wangu. Nikampa mkono, Lowri. Nikamwambia nimefurahi kukufahamu.”

“Najua, baba. Ni ugonjwa.”

“Najua ni ugonjwa! Kila mtu ananiambia ni ugonjwa.”

“Kama huwezi, usiende. Mwambie jirani yako Gwilym akurudishe na gari. Hakuna atakayekulaumu.”

Emrys akakata simu bila kuaga vizuri, jambo ambalo si desturi yake. Hefina alikuwa amesimama kando akijifanya anafunga kamba za buti. Alimuuliza tu, “Mtoto?” Emrys akaitikia kwa kichwa. “Wana moyo mzuri,” Hefina akasema, “lakini kwao sisi ni kazi.”

Chakula cha mchana kililiwa ndani ya banda la kondoo la shamba moja mteremkoni. Walikaa juu ya marobota ya majani makavu, wakapewa supu ya vitunguu na viazi katika vikombe vya karatasi. Gwilym Magurudumu, fundi wa matairi na jirani yake Emrys kwa ukuta mmoja, ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara mwaka ule. Alikuwa amevaa fulana ya kung'aa na kubeba kipaza sauti ambacho hakuna aliyekihitaji. Alikuja akaketi karibu sana na Emrys.

“Emrys.”

“Gwilym.”

“Nesta amefariki lini?”

Supu ilimpalia Emrys. Gwilym akampiga mgongoni, juu ya utepe ule ule.

“Nauliza tu nijue. Maana mke wangu alikuwa Erw Las jana kumsuka shangazi yake, na anasema Nesta alikuwa akiimba tenzi, tena sauti ya kwanza.”

“Punguza sauti.”

“Nimepunguza. Hii ndiyo ya chini.”

“Yule mama wa kanisani alikosea. Sikuweza kumwambia.”

“Nakuelewa. Mimi mwenyewe mwaka wa tatu huu jirani wa chini ananiita Gareth.” Gwilym akakuna shingo. “Lakini yule mwenye kofia nyekundu, anayekulisha keki kama kinda la ndege, naye hukuweza kumwambia?”

Emrys aligeuka kutazama. Upande wa pili wa banda, Hefina alikuwa akimsimulia mtu habari za mbwa, akicheka na kijiko mkononi.

“Si vizuri, Emrys. Sisemi kwa ubaya. Tukifika, wenye nyeupe wanasimama mbele tunawaimbia. Utasimama hapo? Mke wako ameketi hatua mbili kutoka kwako, nawe unaimbiwa umefiwa naye? Wahudumu wanakujua. Utakuwa kichekesho cha bonde zima, na sipendi ucheke... wakucheke.”

“Alwena alipofiwa mlimpelekea nini?”

“Nani?”

“Alwena. Tudur alipokufa.”

Gwilym alifikiri. “Pai ya kuku. Mke wangu alipika.”

“Naikumbuka. Ilikuwa kubwa, niliona ukivuka nayo barabara, umeishika kwa mikono miwili. Na Nesta alipochukuliwa mlileta nini?”

Uso mpana wa Gwilym ulianza kuiva kutoka kwenye kola kwenda juu.

“Nesta hakufa, bwana.”

“Ndiyo. Hakufa.”

“Tungesema nini, Emrys? Tuligombana mimi na mke wangu wiki nzima, twende tusiende, tuseme nini. Pole ya nini, na mtu yu hai? Ungeweza kutukasirikia.”

“Mngeleta pai tu. Pai haihitaji maneno.”

Wakakaa hivyo, wamegusana mabega, wakitazama mvua nyepesi iliyokuwa imeanza mlangoni mwa banda. Mwishowe Gwilym alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya goti la Emrys.

“Gari langu liko hapo nyuma, la kubebea waliochoka. Lichukue mwenyewe. Nenda nyumbani. Nitasema goti limekusumbua. Yule mama atabaki anakuhurumia, Nesta hatajua chochote, na mimi nitakunyamazia mpaka kaburini. Sawa?”

Emrys alizishika zile funguo. Zilikuwa na joto la mfuko wa mtu. Aliona kila kitu: anaingia nyumbani, anawasha taa ya jikoni, anakaanga yai. Kesho anakutana na Hefina dukani, naye anamuuliza habari kwa macho yasiyokwepa. Lilikuwa jambo rahisi kabisa. Asingemuumiza mtu. Angebaki mjane mwenye heshima yake, katika bonde linalojua kuwatunza wajane.

“Na yeye?” aliuliza.

“Nani?”

“Nesta. Atakaa getini.”

“Ana Bwana Prosser,” Gwilym alisema, kisha akatamani angejing'ata ulimi.

Emrys alimrudishia funguo.

Njia ya kuteremkia Erw Las ni ya matope, na watu waliiteremka kimya, magoti yakiwauma. Hefina peke yake ndiye aliyekuwa na pumzi za kuongea. Alisema Jumapili dada yake anaoka mguu wa kondoo na kwamba mguu mzima kwa wanawake wawili ni dhambi. Alisema Emrys aje, asilete chochote, hata maua asilete, wana jagi moja tu la maua nalo limepasuka.

“Hefina,” Emrys alianza, “kuna kitu...”

“Hata kama ni mboga hupendi, utakula nyama.”

“Si mboga.”

“Basi utaniambia Jumapili.” Akamwekea mkono mgongoni. Emrys akaona hawezi. Sauti yake ilikuwa imekwama pale pale ilipokwama asubuhi, na kwa kila hatua ilizidi kushuka chini. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hasira, na chini ya hasira hakukuwa na kitu ila kile chumba cha jikoni chenye shati safi.

Geti lilitokea ghafla baada ya kona. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti vyao vya magurudumu chini ya hema jeupe, wahudumu wakipiga makofi, mtu mmoja akijaribu kinanda. Nesta alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Walikuwa wamemtengeneza nywele na kumvika koti la bluu alilonunua mwenyewe siku za akili zake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wa Bwana Prosser, aliyekuwa amelala fofofo, kinywa wazi.

Emrys alitaka kusimama. Lakini Hefina alimshika kiwiko, akamvuta kwenye mstari, wakaanza kuwapa mikono wazee mmoja mmoja kama ilivyo ada. Asanteni, poleni na baridi, asanteni. Gwilym alikuwa amesimama kando ya hema na kipaza sauti chake, akiyatazama matope kwenye buti zake kwa makini sana.

Nesta aliushika mkono wa Hefina, akauona utepe. Macho yake yalikuwa angavu siku hiyo.

“Mweupe,” alisema. “Umefiwa, mama?”

“Ndiyo, mpenzi. Mume wangu.”

“Pole sana. Na huyu bwana?”

“Huyu naye amefiwa na mke wake.”

“Maskini!” Nesta akamnyooshea Emrys mkono wake wa kulia, mkono uliokuwa huru. Emrys akaupokea. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyokumbuka. Nesta alimtazama usoni kwa huruma yote aliyokuwa nayo siku zote kwa watu asiowajua, ile ile iliyomfanya awaite ndani wauza brashi na kuwapa chai. “Maskini wee. Alikuwa mtu mwema?”

Watu walikuwa wamesimama nyuma yao wakingoja zamu. Mhudumu mmoja alikuwa ameacha kupiga makofi.

Emrys alipiga magoti kwenye nyasi mbichi mpaka uso wake ukawa sawa na wa mkewe.

“Hapana, mama,” alisema. Sauti ilitoka imepasuka, lakini ilitoka. “Sijafiwa. Wamekosea, na mimi nikanyamaza. Mke wangu yupo. Anaitwa Nesta.”

Hefina aliuondoa mkono wake begani kwa Emrys. Alimtazama yule mwanamke kwenye kiti, akautazama utepe, akamtazama mhudumu, naye mhudumu akainamisha kichwa. Kisha Hefina akasogea kando.

Lakini Nesta alifurahi. Uso wote ulimng'aa.

“Yupo! Ah, Mungu ashukuriwe, ulinitisha. Yuko wapi?”

“Yuko hapa hapa Erw Las.”

“Hapa? Na wewe umepiga magoti kwangu unafanya nini?” Akautikisa mkono wake kama anayemkemea. “Mara ya mwisho ulikwenda kumwona lini?”

“Pasaka.”

“Pasaka! Unaona sasa? Sisi wanawake hatusemi, lakini tunahesabu. Mwone wangu huyu,” akamwonyesha Bwana Prosser kwa kidevu, “hazungumzi, analala, lakini habanduki. Nenda kwake, baba. Nenda upesi, atakuwa anakungoja.”

“Naenda,” Emrys alisema.

Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Basi akaketi pale pale kwenye nyasi, kando ya gurudumu la kiti chake, matope yakimpanda kwenye suruali. Watu waliokuwa nyuma walianza kumpita taratibu, wakiwapa mikono wazee wengine. Kinanda kilianza, kikanyamaza. Nesta alikuwa amegeukia upande wa Bwana Prosser kumfunika blanketi. Baada ya kitambo akatazama chini, akamwona.

“Bado uko hapa?”

“Miguu,” Emrys alisema. “Nimetoka mbali.”

Nesta akamtazama toka juu hadi chini.

“Basi pumzika kidogo,” akasema. “Lakini kidogo tu, bwana. Asikuone umekaa na mwanamke mwingine.”